Simu ya kutumia mara chache: kitochi cha 2G, kitochi cha 4G au simu janja ya bei ya chini?

Simu ya akiba hukaa kwenye droo, kwenye gari au kwenye mkoba wa safari, na hutolewa mara mbili tatu kwa mwezi. Vigezo vyake si vile vya simu ya kila siku: kamera haihusiki, ukubwa wa kioo hauhusiki. Kinachotakiwa ni kwamba iwake siku unapoihitaji, ishike mtandao, na laini iliyomo iwe bado hai. Simu nyingi za bei rahisi hushindwa jambo mojawapo kati ya hayo, na mwenye simu hulijua siku ile ile ya shida.

Kwa mtu anayetumia laini ya kulipia kabla, chaguo halisi ni nne. Ziko hapa kwa ufupi, maelezo yanafuata.

| | Kitochi cha 2G | Kitochi cha 4G | Simu janja mpya, bei ya chini | Simu janja ya zamani |
|---|---|---|---|---|
| Bei | ndogo kuliko zote | juu kidogo ya 2G | mara kadhaa ya kitochi | bure, kama iko nyumbani |
| Chaji ikiwa imewashwa tu | wiki moja na zaidi | siku kadhaa | siku moja hadi tatu | mara nyingi haimalizi siku |
| Kupiga penye 4G pekee | haiwezi | ndiyo, kama VoLTE (sauti juu ya 4G) inafanya kazi | ndiyo, kwa sharti hilo hilo | jaribu kwanza |
| Menyu za nyota na reli | ndiyo | ndiyo | ndiyo | ndiyo |
| WhatsApp | hakuna | usiitegemee | ipo | ipo, mpaka Android yake ipitwe |
| Betri unaibadilisha mwenyewe | kwa kawaida ndiyo | kwa kawaida ndiyo | mara nyingi hapana | mara nyingi hapana |

Kwa watu wengi jibu letu ni kitochi cha 4G chenye VoLTE. Sababu kubwa ni mtandao.

Mtandao: hapa ndipo pesa hupotea

Mfumo wa GSM, ambao ndio 2G, ulianza kutumika kibiashara Finland mwaka 1991, na kwa miaka mingi simu yoyote ya GSM iliweza kupiga karibu popote. Hali hiyo inakwisha, na kila nchi inakwenda kwa mpangilio wake. Nchini Marekani, kampuni ya AT&T ilizima 2G mwanzoni mwa 2017 na 3G mwaka 2022. Singapore ilizima 2G mwaka 2017. Ujerumani ilifanya kinyume: 3G iliondolewa mwaka 2021, 2G ikabaki. Uingereza nayo ilianza kwa kuondoa 3G, na makubaliano ya serikali na makampuni ni kwamba 2G na 3G zisivuke 2033. Kwa hiyo kitochi cha 2G kinachofaa kabisa katika nchi moja, katika nchi nyingine ni tochi tu.

Mtego wa pili umejificha zaidi, nao unawanasa hata walionunua simu iliyoandikwa 4G. Mtandao wa 4G ulijengwa kwa ajili ya data. Ili sauti ya simu ipite juu yake, simu inahitaji uwezo unaoitwa VoLTE. Simu ya 4G isiyo na VoLTE hushuka kwenye 3G au 2G kila unapopiga au kupigiwa, kisha hurudi 4G ukikata. Mahali ambapo 3G na 2G zimezimwa haina pa kushukia: utaona alama ya 4G, utafungua intaneti, lakini ukipiga, simu inakata. Australia ilipofunga 3G Oktoba 2024, hata simu za 4G zilizokuwa zikitegemea 3G kupiga namba ya dharura 000 zilizuiwa na mitandao.

Kuipima ni rahisi. Weka laini yako, piga namba yoyote, na wakati mazungumzo yanaendelea angalia alama ya mtandao juu ya kioo. Ikibaki 4G, au ikionyesha VoLTE au HD, sauti inapita kwenye 4G. Ikigeuka kuwa H, 3G, E au 2G, VoLTE haifanyi kazi. Usiitupe simu hapo hapo. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao utafute VoLTE, kwa sababu kwenye vitochi vingi huja ikiwa imezimwa. Ikiwa imewashwa na bado inashuka, huenda mtandao wako haujairuhusu VoLTE kwa aina hiyo ya simu. Hilo hulitatui kwa mipangilio; badilisha simu au badilisha mtandao.

Ubavu wa boksi nao husema mengi. Palipoandikwa GSM 900/1800 bila kitu kingine, hiyo ni 2G tupu. WCDMA au UMTS ni 3G. LTE ni 4G, na mbele yake kuna namba za bendi, yaani masafa ya redio, kama B1, B3, B8, B20 au B28. Linganisha namba hizo na za mtandao utakaoutumia, hasa kama simu imetoka bara jingine. Afrika, Ulaya na sehemu kubwa ya Asia hutumia 900 na 1800 kwa 2G, wakati sehemu kubwa ya Amerika ni 850 na 1900. Simu ya bendi za upande mmoja, ikiwa haina nyingine, ni bubu upande wa pili.

Kitochi cha 2G kinabaki na nafasi yake palipo na 2G ya uhakika, hasa vijijini ambako mnara ni wa masafa ya 900. Masafa ya chini husafiri mbali, na simu ya GSM 900 inaruhusiwa kurusha mawimbi kwa nguvu ya hadi wati 2, wakati simu ya 4G huishia kwenye wati 0.2. Lakini kitochi cha 4G karibu kila mara kina 2G ndani yake pia. Ukilipa ile nyongeza ndogo unapata vyote viwili, na simu haitakufa siku mnara utakapobadilishwa.

Betri iliyolala

Betri ya kitochi huwa kati ya mAh 800 na 1,500 (mAh ni kipimo cha chaji inayoingia kwenye betri). Kitochi cha 2G kilichotulia, penye mtandao mzuri, kikivuta wastani wa milliampia 3, betri ya mAh 800 itatoa saa 266 hivi, yaani siku 11. Simu janja yenye betri ya mAh 4,000 ina chaji mara tano, lakini ikivuta wastani wa milliampia 60 kwa sababu programu zinaamka usiku na mchana, inakwisha kwa saa 66, chini ya siku tatu. Ukubwa wa betri peke yake hausemi kitu.

Hesabu hizo zote huharibika penye mtandao dhaifu. Simu isiyosikia mnara vizuri huongeza nguvu na kuutafuta mara kwa mara, na kitochi cha siku kumi kinaweza kukata chaji kwa siku mbili. Ukijua utakaa mahali pasipo na mtandao, izime. Kwenye simu ya laini mbili, toa laini usiyoitumia au izime kwenye menyu, kwa kuwa kila laini iliyo hai husikiliza mnara wake na kula chaji yake.

Kinachoua betri za simu za akiba zaidi ya matumizi ni kuhifadhiwa vibaya. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa pomoni, na hazipendi kukaa tupu. Ikijaa kabisa, hasa kwenye joto, inazeeka upesi. Ikiachwa tupu ni mbaya zaidi: volti zake huendelea kushuka polepole, na zikipita chini mno saketi ndogo ya ulinzi iliyo ndani ya betri hukata njia. Hapo unachomeka chaja na kioo hakionyeshi chochote. Wengi huitupa simu hapo, wakati mara nyingi inatosha kuiacha kwenye chaja yake nusu saa hadi saa nzima bila kubonyeza kitu. Saketi huruhusu umeme kidogo kidogo, na alama ya chaji ikatokea. Ikigoma baada ya hapo, nunua betri nyingine. Kwa kitochi hiyo ni dakika moja ya kufungua kifuniko. Betri iliyovimba haifufuliwi, haitobolewi, haichajiwi hata mara moja.

Kwa hiyo simu inayolala droo izimwe ikiwa na nusu ya chaji, yaani vijiti viwili kati ya vinne, na iwekwe mahali pa baridi na pakavu. Kila baada ya miezi miwili iwashe, irudishe kwenye nusu, piga simu moja fupi, izime. Simu hiyo moja fupi ina kazi nyingine tutakayoifikia kwenye laini. Ya kwenye gari isiachwe juu ya dashibodi. Gari lililoegeshwa juani huwa tanuri, na kati ya aina nne hizi, simu janja ya zamani ndiyo itakayovimba kwanza.

Kuhusu chaja: vitochi vingi bado ni tundu la micro-USB, na hilo si tatizo kama waya upo. Tatizo hujitokeza kwa baadhi ya simu rahisi zenye tundu la USB-C. Mtengenezaji amebana gharama kwa kuacha vijiresista viwili vinavyoiambia chaja itoe umeme, na matokeo yake simu haichaji kabisa kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Haijaharibika. Tumia waya wenye kichwa kipana cha zamani, USB-A, upande wa chaja, nayo itachaji. Waya huo ufungiwe pamoja na simu.

Laini, salio na namba inayopotea

Ukiitumia simu mara chache, baada ya mwaka mmoja au miwili gharama ya kuiweka laini hai inaweza kupita bei ya kitochi chenyewe. Soma masharti ya laini kwa makini kuliko unavyosoma boksi la simu.

Jambo la kwanza ni muda wa laini kukaa bila kutumika. Mitandao hufunga laini iliyokaa kimya. Wapo wanaofunga baada ya siku 90, wapo wa siku 180, na masharti hubadilika. Uliza pia wanahesabu nini kuwa ni matumizi. Kwa mitandao mingi lazima uwe umelipa kitu: umepiga, umetuma meseji, umetumia data au umeongeza vocha. Kupigiwa tu, au kuiwasha simu na kuangalia salio, huenda kusihesabiwe. Ndiyo maana ile simu moja fupi ya kila miezi miwili ni bima.

Usilichukulie hili kirahisi. Laini ikishafungwa, namba yaweza kupewa mtu mwingine. Kama benki, barua pepe au akaunti yako ya pesa kwa simu inatuma namba za siri za mara moja kwenye laini hiyo, zinakwenda kwa mgeni. Namba ya simu ya akiba isiunganishwe na akaunti muhimu, isipokuwa una hakika utaitunza.

Jambo la pili ni bando au kulipa kadiri unavyotumia. Bando la siku 30 lenye dakika 100 huonekana rahisi ukigawa bei yake kwa 100. Mtu wa simu ya akiba agawe kwa dakika atakazotumia kweli. Ukitumia dakika 8, kila dakika imekugharimu zaidi ya mara 12 ya ulivyodhani, na zilizobaki zimekufa. Kwa matumizi ya chini ya dakika 20 au 30 kwa mwezi, kulipa kadiri unavyotumia hushinda mara nyingi, hata kama bei ya dakika ni kubwa, mradi salio lenyewe lisiwe na tarehe ya kuisha karibu. Uliza tofauti hii waziwazi dukani: salio la kawaida linakaa muda gani, na salio la bonasi muda gani. Kwa kawaida ni muda tofauti.

Tena, uliza kama mtandao unatoza kwa sekunde au kwa dakika. Simu sita za sekunde 20 kila moja ni sekunde 120. Kwa sekunde, umelipia dakika 2. Kwa dakika, kila simu imepandishwa ikawa dakika nzima, umelipia 6. Simu za akiba ni za "nimefika", "njoo unichukue", "uko wapi". Kutozwa kwa sekunde kunazifaa zaidi.

Meseji moja ni herufi 160. Ukitia emoji moja, au alama za kunukuu zilizopinda zilizonakiliwa kutoka mahali pengine, meseji nzima hubadilishwa mfumo na kikomo kinashuka hadi herufi 70. Meseji ya herufi 150 inageuka tatu, na unalipia tatu. Kwenye kitochi hilo hutokea mara chache, kwenye simu janja kila siku.

Simu zinazouzwa pamoja na laini kwa bei ya kutupa mara nyingi zimefungwa kwenye mtandao huo mmoja. Si vibaya kama mtandao huo unashika unakokaa na unakokwenda. Lakini simu ya safari iwe wazi kwa mitandao yote. Jaribu laini ya mtandao mwingine kabla ya kulipa. Ikidai namba ya kufungulia, imefungwa.

Laini yenyewe pia ina ukubwa wake. Kitochi cha zamani kina nafasi ya laini ya milimita 25 kwa 15, wakati laini za sasa huvunjwa hadi nano, 12.3 kwa 8.8. Ile fremu ya plastiki uliyovunjia laini usiitupe, ndiyo itakayoishikilia kwenye kitochi. Usiisukume fremu ikiwa tupu: meno ya shaba yaliyo ndani hunasa kwenye tundu lake, na ukiivuta kwa nguvu yanapinda au kukatika. Hapo nafasi hiyo ya laini imekufa.

Ukiweka PIN ya laini, ukumbuke kwamba ukikosea mara tatu simu itadai PUK, namba ya kufungulia laini, ya tarakimu 8, na ukikosea PUK mara kumi laini haitumiki tena. PUK huandikwa kwenye kadi kubwa uliyoivunja laini. Kwa simu inayotolewa mara chache, PIN husahaulika kweli, kwa hiyo ihifadhi kadi hiyo, tena mbali na simu.

Simu janja: ukiwa na sababu moja tu

Nunua simu janja ya bei ya chini kwa ajili ya akiba kama kuna programu mahususi usiyoweza kuikosa: ramani, tiketi, benki au WhatsApp. Nje ya hapo unalipia matatizo.

Simu janja iliyokaa miezi mitatu imezimwa, siku ikiwashwa hukimbilia kusasisha programu zote kwa pamoja. Kwa nusu saa ya kwanza ni nzito, kioo kinachelewa kuitika, na kama data iko wazi bando linayeyuka, kisha zamu ya salio. Simu yenye RAM ya GB 1 au 2 na hifadhi ya GB 8 au 16 inaumia zaidi, kwa sababu mfumo wenyewe umeshachukua sehemu kubwa ya hifadhi na masasisho hayana pa kukaa. Kabla ya kuweka laini, iunganishe kwenye Wi-Fi, sasisha, kisha ingia kwenye mipangilio ya duka la programu uchague masasisho kwa Wi-Fi pekee. Washa kiokoa data. Zima data ya simu, uiwashe kwa haja tu.

WhatsApp ina shida ya ziada kwa mtumiaji wa mara chache: akaunti isiyotumika kwa siku 120 kwa kawaida hufutwa. Na tangu Oktoba 2023 inadai angalau Android 5.0, kiwango ambacho hupandishwa kila baada ya muda, kwa hiyo simu ya zamani uliyoirithi inaweza kukataliwa wakati bado ni nzima. Usikimbilie pia vitochi vya KaiOS (mfumo endeshi wa vitochi vyenye intaneti) kwa sababu muuzaji amesema vina WhatsApp. Huduma hiyo ilisitishwa kwenye KaiOS mwaka 2025.

Simu janja ya zamani iliyo nyumbani ni chaguo zuri kwa safari ya siku chache, mradi uichaji kila jioni. Ukiinunua kwa mtu, hakikisha akaunti ya Google ya mwenyewe imeondolewa mbele yako. Android nyingi tangu 2015 zina kufuli inayodai akaunti ya mwanzo hata simu ikifutwa yote. Iweke chali juu ya meza tambarare uizungushe: ikizunguka kama pia, mgongo umevimba. Piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, ya tarakimu 15, uilinganishe na iliyo kwenye boksi au chini ya betri. Zisipofanana, iache.

Kwa mzee, na kwa dharura

Kwa mzee, vitufe vikubwa na sauti kubwa ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia, ukiondoa mtandao. Mpe aishike, apige mwenyewe, asikilize penye kelele. Simu ya kukunja humfaa anayesahau kukata: akiifunga, imekata. Kama ina kitufe cha SOS nyuma, kijaribu kweli. Simu nyingi za aina hii hutuma meseji kwa namba ulizopanga kisha huzipigia moja baada ya nyingine, na meseji hizo zinatoka kwenye salio. Salio likiwa sifuri, kitufe kinabonyezwa na hakuna anayepata kitu.

Usitegemee pia kwamba simu isiyo na laini itapiga namba ya dharura 112. Baadhi ya nchi zinaruhusu. Ujerumani haijaruhusu tangu 2009. Laini hai yenye salio dogo lisiloisha upesi ndiyo ya uhakika.

Ukifika dukani, nenda na laini yako, fremu yake, na laini ya mtandao wa pili kwa kujaribu. Washa simu, piga, angalia alama ya mtandao wakati wa kuongea, mwambie mtu akupigie usikie mlio, chomeka chaja uone inaitika, fungua kifuniko usome namba ya betri ili ujue kama ni ya kawaida utakayoipata tena baada ya miaka mitatu. Dakika kumi zinatosha. Muuzaji akikataa usiweke laini yako kabla ya kulipa, nenda duka la pili.